Boti kuukuu huumia nchi kavu kabla ya kuzama majini

Mvuvi mdogo anapopoteza boti yake, lawama za kwanza huangukia bahari au ziwa. Husemwa kuwa kusi ilikuwa kali, mawimbi yalikuwa makubwa, au mwamba ulijificha chini ya maji. Ni mara chache mtu huuliza chombo hicho kililala wapi, na kililala vipi, miezi yote kabla ya siku ile. Kwa boti ndogo zilizokwisha kuzeeka, hasa zile za mita tano hadi nane ambazo huvutwa ufukweni, hupakiwa kwenye lori au huwekwa juu ya tela, uharibifu mwingi huanzia nchi kavu. Maji huja tu kumalizia kazi.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Kwa mvuvi, boti ndiyo shamba na ndiyo ghala. Kwa mfanyabiashara mdogo anayenunua samaki mwaloni, boti ya mwenzake ikipasuka naye hukosa mzigo. Kwa ushirika wa akiba na mikopo uliokopesha fedha, boti iliyopasuka ni deni lisilolipika. Na kwa mabaharia watatu au wanne walio ndani yake, ufa wa sentimita chache ni suala la uhai.

Suala hili limekuwa na uzito zaidi kwa sababu boti zinabadilisha mikono. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mwanza ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa njia ya mkopo. Zanzibar nayo imekuwa ikigawa boti za faiba kwa wavuvi na wakulima wa mwani chini ya sera ya uchumi wa buluu. Ni hatua za kupongezwa. Lakini mtu anapopata boti mpya, ile ya zamani haitupwi. Huuzwa, hupakiwa kwenye Fuso, na kuanza maisha mapya katika mwalo mwingine, mara nyingi mbali na pale ilipotengenezwa. Mnunuzi huangalia mashine, hukagua rangi, hupatana bei na kuondoka. Tumbo la boti, yaani sehemu inayobeba kila kitu, huwa halijaangaliwa.

Maji hubeba, gogo husukuma

Ili kuelewa tatizo ni lazima kwanza kuelewa boti hubebwaje. Ikiwa majini, uzito wake hugawanywa sawasawa karibu na eneo lote la tumbo lililozama. Maji hayana kona wala ncha. Yakiguswa na chombo, hukumbatia kila sehemu yake.

Chukulia boti yenye uzito wa kilo 800 pamoja na mashine na vifaa, ambayo tumbo lake linalogusa maji ni mita tano kwa mita moja na robo pungufu kidogo, yaani kama mita sita za mraba. Hapo kila sentimita moja ya mraba ya tumbo hubeba wastani wa gramu 13 tu. Ni uzito mdogo sana.

Sasa boti hiyohiyo iinuliwe na kuwekwa juu ya vipande viwili vya mbao, kila kimoja kikigusa tumbo kwa upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 20. Jumla ya eneo linalobeba ni sentimita 400 za mraba. Kilo 800 zikigawanywa hapo, kila sentimita moja inabeba kilo 2. Hiyo ni mara 150 ya mzigo iliyoubeba ikiwa majini. Boti haijabeba samaki hata mmoja, haijapigwa na wimbi lolote, lakini imekwisha kuelemewa.

Tumbo la boti ya faiba huwa jembamba katika nafasi zilizo kati ya mataruma. Mwundaji alilipima kwa kutegemea maji, si kwa kutegemea ncha ya gogo. Likisukumwa mahali pamoja usiku na mchana, huanza kubonyea. Mwanzoni hakuna kinachoonekana. Baadaye hutokea nyufa nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui, na baada ya hapo maji huanza kunyonywa ndani ya matabaka ya faiba. Mwenye boti akiziona hupaka rangi, na tatizo hufichwa mpaka siku litakapojitokeza lenyewe.

Mbao na faiba haziumii kwa namna moja

Boti ya mbao ina mkuku, yaani ule mti mnene unaopita chini kutoka omo hadi tezi, na mataruma yanayopanda kutoka kwenye mkuku kushika mbao za ubavuni. Muundo huo unaeleza wenyewe namna unavyotaka kulazwa. Uzito wote ni wa mkuku. Nguzo za pembeni kazi yake ni kuzuia chombo kisilale ubavu tu.

Wazee wa pwani walilijua hilo vizuri. Chombo kilipowekwa nchi kavu kiliegemezwa kwa magadi, yaani nguzo za miti zilizosimamishwa pande zote mbili, na mkuku ukakaa juu ya magogo yaliyosawazishwa. Hawakusimamisha gadi kwenye ubao mtupu. Waliitafuta sehemu yenye taruma kwa ndani, ndipo wakaegemeza.

Boti ya mbao ikibebwa katikati peke yake, omo na tezi huning'inia na mkuku hupinda kama upinde. Ikibebwa kwenye ncha mbili tu, katikati hushuka. Kwa vyovyote vile, mbao husogea na maungio hufunguka. Pamba ya kalafati iliyokuwa imebanwa vizuri hulegea. Boti iliyoondoka majini ikiwa kavu hurudi majini ikiwa inavuja, na mwenyewe hudhani ni jua peke yake lililokausha mbao. Ni kweli kwamba jua hukausha mbao na kuzifanya zisinyae, na maungio mengi hujifunga zenyewe mbao zikinywa maji tena. Lakini maungio yaliyofunguliwa na mkuku uliopinda hayajifungi.

Boti ya faiba mara nyingi haina mkuku mnene wa namna hiyo. Nguvu yake hutokana na umbo lake na mihimili ya urefu iliyofichwa chini ya sakafu. Katika boti nyingi za zamani mihimili hiyo, pamoja na ubao wa nyuma unaoshika mashine, ni mbao zilizofunikwa kwa faiba. Maji yakipenya kupitia tundu la bolti au ufa mdogo, mbao hizo huoza ndani kwa ndani huku nje pakiwa panang'aa. Mhimili uliooza hauwezi tena kusambaza uzito. Hapo hata tela nzuri haitasaidia sana, kwa sababu kilichokuwa kikipokea mzigo kwa ndani hakipo.

Wapo pia wanaochukua boti kuukuu ya mbao na kuifunika kwa faiba wakitumaini kuirudishia ujana. Kama mbao ni nzima na kavu, kazi hiyo inaweza kudumu. Kama mbao zimeshaanza kuoza au zina unyevu, faiba huwa ni blanketi juu ya mgonjwa. Unyevu hufungiwa ndani, uozo huendelea, na faiba huachana na ubao.

Uzito ambao hauonekani

Kuna mizigo mitatu ambayo wenye boti huisahau pindi chombo kikiwa nchi kavu.

Wa kwanza ni maji ya mvua. Boti ikiachwa wazi wakati wa masika na tundu lake la kutolea maji likiwa limezibwa, hujaa kama pipa. Sakafu ya mita nne kwa mita moja ikishika maji ya kina cha sentimita 20, hizo ni lita 800, sawa na kilo 800. Boti iliyotajwa hapo juu itakuwa imeongezewa uzito wake wote mara moja zaidi, bila wimbi la kuibeba kutoka chini. Isitoshe, kwa boti za mbao maji ya mvua ni adui mkubwa kuliko maji ya chumvi, kwani chumvi husaidia kuzuia ukungu unaoozesha mbao, ilhali maji baridi yaliyotuama huukuza.

Wa pili ni mashine. Mashine ya kupachika ya nguvu za farasi 40 ina uzito wa karibu kilo 70, na uzito huo wote unaning'inia nyuma kabisa. Boti ikiwa majini, maji huisukuma tezi kutoka chini. Ikiwa juu ya magogo au tela ambayo mbao zake zimeishia nusu mita kabla ya mwisho wa boti, tezi hubaki hewani na mashine huivuta chini usiku na mchana. Tumbo hukunjika pale mbao za tela zinapoishia, na mbele kidogo ya ubao wa nyuma hutokea bonde.

Bonde hilo lina gharama zake. Boti yenye tumbo lililobonyea karibu na tezi husukumwa omo chini inapokwenda kasi. Huwa nzito, hurusha maji mengi, na hula mafuta zaidi kwa safari ileile. Mvuvi atalaumu mashine, atamwita fundi, atabadilisha plagi na kabureta, lakini tatizo litabaki palepale kwa kuwa halikuwa kwenye mashine.

Wa tatu ni barabara. Boti inaposafirishwa juu ya tela au lori, kila shimo na kila tuta huufanya uzito wake uwe mkubwa zaidi kwa muda mfupi. Boti iliyojazwa nyavu, nanga, madumu ya mafuta na masanduku ya barafu ili kuokoa nauli ya safari ya pili hupata adhabu hiyo maradufu. Dumu la lita 40 za petroli peke yake lina kilo 30 hivi. Boti iliundwa kubeba mizigo hiyo ikiwa juu ya maji. Haikuundwa kuibeba ikiwa juu ya matuta.

Tela nzuri ni ipi?

Tela nyingi zinazoonekana kwenye fukwe za Tanzania na Kenya hazikutengenezwa kwa ajili ya boti zilizo juu yake. Ama zimenunuliwa zikiwa zimetumika, ama zimechomelewa mtaani kwa kukadiria kwa macho. Si kosa kutumia tela ya namna hiyo. Kosa ni kutoirekebisha ilingane na boti.

Tela inayofaa boti kuukuu ina sifa chache ambazo fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kuzitimiza. Kwanza, iwe na sehemu ya kubeba mkuku au mstari wa katikati wa tumbo kwa urefu wake mwingi, iwe ni ubao mnene au rola za mpira zilizopangwa karibu karibu. Pili, iwe na mbao mbili ndefu za pembeni zilizofunikwa kwa zulia au mpira, zikipita chini ya mihimili ya urefu ya boti na si katikati ya mihimili hiyo. Mbao mbili za urefu wa mita tatu na upana wa sentimita 10 zina eneo la sentimita 6,000 za mraba. Zile kilo 800 zikigawanywa hapo zinakuwa gramu 133 kwa sentimita, badala ya kilo 2 za vile vipande viwili. Mzigo umepungua mara 15 kwa gharama ya mbao mbili.

Tatu, na hili ndilo husahaulika kuliko yote, mbao hizo zifike mpaka chini ya ubao wa nyuma unaobeba mashine, na ikiwezekana zipite kidogo. Nne, ekseli ikae mahali ambapo shingo ya tela itabeba kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote. Ikiwa nyepesi mno, tela hucheza barabarani. Ikiwa nzito mno, huelemea gari.

Tano, boti ifungwe kwa mikanda mipana kwenye omo na tezi, isitegemee kamba moja ya mbele, lakini mikanda isikazwe kiasi cha kuminya mbavu. Sita, kwa safari ndefu mashine ishushwe na kupakiwa kando. Isiposhushwa, iwekewe mhimili wa kuishikilia ili isipige ubao wa nyuma kila tela inaporuka.

Tela inayoingizwa kwenye maji ya chumvi inahitaji kuoshwa kwa maji baridi na bearingi zake kutiwa grisi mara kwa mara. Gurudumu likikwama njiani, boti huanguka pamoja na tela.

Pale ambapo hakuna tela, kanuni ni zilezile. Magunia ya mchanga ni bora kuliko mawe, kwa sababu mchanga hufuata umbo la tumbo na kusambaza uzito. Magogo ya mnazi ya kuviringishia ni bora kuliko kuburuta, mradi yawe mengi, yapite chini ya mkuku, na boti isiachwe ilale juu ya gogo moja. Matairi mabovu ndani ya lori hufaa, lakini yapangwe chini ya mkuku na mataruma, na tezi isiachwe ikining'inia nje ya bodi.

Hesabu ya mfukoni

Wavuvi wengi husema tela ni anasa. Hesabu inaweza kuonyesha vingine. Bei hutofautiana kati ya mwalo mmoja na mwingine, kwa hiyo tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, na kila kikundi kiweke za kwake.

Chukulia boti kuukuu iliyonunuliwa kwa shilingi milioni 6. Ikidumu miaka 10, gharama ya boti kwa mwaka ni shilingi 600,000. Ikivunjika baada ya miaka mitano, gharama hiyo ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka, kabla ya kuhesabu siku ambazo mvuvi hakwenda baharini akisubiri fundi.

Sasa wavuvi 12 wa mwalo mmoja wachange tela moja ya kushusha na kupandisha boti, kwa mfano ya shilingi milioni 6. Kila mmoja atatoa shilingi 500,000. Tela ikitumika miaka 10, huo ni mchango wa shilingi 50,000 kwa mwaka. Matairi, grisi na matengenezo yakigharimu shilingi 600,000 kwa mwaka kwa kikundi, kila mmoja huongeza shilingi 50,000. Jumla ni shilingi 100,000 kwa mwaka.

Haihitajiki tela iongeze umri wa boti maradufu ili fedha hiyo irudi. Ikiuongeza kutoka miaka mitano hadi sita tu, gharama ya boti kwa mwaka hushuka kutoka shilingi 1,200,000 hadi milioni moja. Mvuvi amelipa 100,000 na kuokoa 200,000. Na kama tumbo lililonyooka litampunguzia lita mbili za mafuta kwa siku, kwa siku 20 za kazi katika mwezi, hizo ni lita 480 kwa mwaka. Kila mvuvi anajua bei ya lita moja katika kijiji chake, na anaweza kumalizia hesabu mwenyewe.

Mnunuzi afumbue macho

Mtu anayenunua boti iliyotumika anapaswa kuikagua ikiwa nje ya maji, mchana, na ikiwa kavu. Asimame nyuma na kulitazama tumbo kwa urefu wake, kisha avute uzi wa fundi mwashi kutoka nyuma kuelekea mbele. Kama kuna bonde kati ya uzi na tumbo karibu na tezi, boti hiyo ililazwa vibaya kwa muda mrefu.

Agonge tumbo na ubao wa nyuma kwa mpini wa nyundo. Sehemu nzima hutoa sauti kavu na kali, iliyooza au iliyoachana matabaka hutoa sauti ya bubu. Mashine ikiwa imepachikwa, aisukume juu na chini huku akitazama ubao wa nyuma. Ukicheza, umeoza. Kwa boti ya mbao, ncha ya kisu ikizama kwa urahisi kwenye mkuku au taruma, bei ishuke au safari iishie hapo. Michirizi ya kutu chini ya rangi ni dalili kwamba misumari imeshaliwa.

Aitazame pia tela au magogo yaliyokuwa yakiibeba boti hiyo. Mahali panapogusana ndipo nyufa huanzia. Na ajihadhari na rangi mbichi. Boti iliyopakwa rangi wiki moja kabla ya kuuzwa ina jambo la kusema, na kazi ya mnunuzi ni kulisikia kabla hajatoa fedha.

Nyufa ndogo zinaweza kutengenezwa, lakini si kwa kupakaza rezini juu yake. Faiba iliyolowa haishiki. Ni lazima sehemu hiyo isagwe mpaka kwenye faiba nzima, ikaushwe, kisha ijengwe upya kwa tabaka kadhaa. Na kama kilichosababisha ufa ni gogo la tela, gogo lirekebishwe kwanza. Vinginevyo fundi atarudi kila msimu.

Hoja za upande wa pili

Wapo wanaosema kuwa wazee walivua miaka mingi bila tela na vyombo vyao vilidumu. Ni kweli, lakini vyombo vile vilikuwa na mkuku mnene na mbao nzito, havikuwa na kilo 70 za mashine zikining'inia nyuma, na wenyewe waliviegemeza kwa magadi kwa uangalifu ambao leo umepungua. Anayewataja wazee na awaige pia kwenye magadi.

Wengine husema tela itawanyima kazi vijana wanaosukuma boti kwa malipo ya samaki au fedha kidogo. Hoja hii haifai kubezwa, kwani kipato hicho hulisha watu. Lakini tela haijiendeshi yenyewe. Kikundi kinaweza kuwapa vijana haohao kazi ya kuitunza na kuiendesha kwa ada inayojulikana, wakalipwa bila kuumia migongo.

Kuna hoja nyingine ya kweli kwamba fukwe nyingi zina mchanga laini na tela huzama. Katika pwani ya Tanzania, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita nne wakati wa bamvua, hivyo boti huachwa mbali sana na ukingo. Ziwani hakuna maji kupwa, na boti huvutwa moja kwa moja kutoka kwenye kina kifupi. Kwa sababu hiyo hakuna dawa moja kwa mialo yote. Mahali pengine patahitaji njia ya zege ya mita chache. Pengine patatosha reli za magogo ya mnazi, rola, na kitanda cha mbao cha kulazia kila boti. Linalotakiwa kufanana ni kanuni ya kubeba mkuku, kusambaza uzito na kuishika tezi.

Nini kifanyike

Septemba 2023 liliwekwa jiwe la msingi la bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko. Ni mradi mkubwa na wa muhimu kwa meli za uvuvi wa bahari kuu. Lakini mvuvi wa boti ya mita sita ataendelea kutua kwenye mwalo wa kijiji chake, na mwalo huo unahitaji kitu kidogo zaidi, ambacho halmashauri inaweza kukimudu kutokana na ushuru uleule wa samaki inaoukusanya hapo. Njia fupi ya kushushia boti na tela moja ya pamoja chini ya kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, vingeanza kazi mara moja.

Wakopeshaji nao wana wajibu. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyorejeshwa mwaka 2024 baada ya kusitishwa mwaka 2023, inaweza kununua boti. Haina maana kumkopesha kijana boti na kumwachia ailaze juu ya mawe. Kila mkopo wa boti, iwe mpya au iliyotumika, ungepaswa kujumuisha kitanda cha kuilazia au mchango wa tela, na kwa boti kuukuu cheti cha fundi aliyeikagua ikiwa imeinuliwa. Gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya mkopo usiorudi.

Ukaguzi wa usalama wa vyombo vidogo Tanzania Bara uko mikononi mwa TASAC, shirika lililoanza mwaka 2018, huku Zanzibar na Kenya zikiwa na mamlaka zao za baharini. Maboya na vizimamoto ni muhimu, lakini kwa boti kuukuu mkaguzi ainame pia atazame chini ya tumbo na namna chombo kinavyolazwa. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, wenye chuo Mbegani karibu na Bagamoyo, pamoja na vyuo vya VETA vinavyofundisha uchomeleaji na useremala, wana uwezo wa kuandaa mafunzo mafupi ya siku chache kwa mafundi wa mialo. Fundi akijua mbao za tela zinapaswa kuishia wapi, ameshaokoa boti nyingi.

Wavuvi wenyewe hawana haja ya kuyasubiri yote hayo. Kuzibua tundu la maji kabla ya mvua, kushusha mashine boti inapopumzishwa, kuondoa mawe na kuweka magunia ya mchanga chini ya mkuku na tezi, ni kazi za asubuhi moja zisizohitaji mkopo wala kibali. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mvuvi ufa una hatari kubwa zaidi, kwa kuwa mwenye nyumba huuona ukuta wake ukipasuka akiwa amesimama juu ya ardhi, na mvuvi huuona wake akiwa maili tano kutoka ufukweni, usiku, na wenzake watatu wakichota maji kwa ndoo.